Sura ya 7: Nimehifadhi Video, Mbona Haifunguki?

Simama kidogo kwenye kaunta ya fundi wa simu sokoni Ogwedhi na swali hili utalisikia kabla hujaondoka. "Kijana wangu, hii video niliihifadhi mwenyewe, na simu ikaniambia imehifadhiwa. Nimefika nyumbani imekataa." Kijana anaipokea simu, anagusa kioo, anaona duara linazunguka bila kukoma. "Mama, una bando?" Hana. "Basi ndiyo hiyo."

Jibu ni la kweli, lakini halimsaidii. Mama huyu alihifadhi video ile hasa ili asihitaji bando baadaye. Ogwedhi iko mashariki mwa Kaunti ya Migori, kwenye mpaka na Trans Mara, soko ambako Mjaluo, Mmaasai, Mkuria na Mkisii hukutana kwa ng'ombe na mbuzi, na Kiswahili ndicho kinachomaliza bei. Mtu hununua bando akiwa sokoni, anatazama anachotazama, kisha anarudi kwao kwenye mtandao wa kubahatisha. Anachotaka ni kubeba video mfukoni, kama alivyokuwa akibeba nyimbo za ohangla kwenye memori kadi enzi za kabambe, ile simu ya vitufe. Kwa nini simu ya bei zaidi ishindwe na kazi ambayo kabambe iliiweza?

## Linki haina video ndani yake

Unapotazama video ya Facebook, TikTok au YouTube, video yenyewe haimo ndani ya simu yako. Imo ndani ya seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni husika, ambayo huenda iko bara jingine. Simu inaletewa vipande vifupi vya sekunde chache chache, inavionyesha, inavitupa. Linki ni anwani tu: mstari wa maandishi unaoiambia simu video fulani iko wapi. Kumwonyesha mtu boma aliko ng'ombe si kumpa ng'ombe.

Kitufe cha kuhifadhi cha Facebook, na kile chenye alama ya utepe cha Instagram, huweka hiyo anwani kwenye orodha yako. Hakuna kilichoingia kwenye simu. Mwenye video akiifuta, au akaifunga akaunti, orodha yako inabaki na anwani ya mahali patupu.

Kuna jambo linalowachanganya watu zaidi. Mara nyingine video uliyoitazama asubuhi hucheza tena jioni bila bando, hata ukaapa kwamba ilihifadhiwa. Hiyo ni kache, akiba ya muda ambayo programu hujiwekea ili isilete vipande vilevile mara mbili. Simu ikikaribia kujaa, kache hufutwa bila wewe kuulizwa. Usiitegemee.

Kwa hiyo neno "kuhifadhi" hubeba mambo matatu:

- Kuweka anwani. Hakuli nafasi kwenye simu, na bila mtandao hakukupi kitu.
- Kuweka ndani ya programu. Video inashuka kweli, lakini imefungiwa humo. Huwezi kuihamishia kwenye flashi wala kumtumia jirani. YouTube hufanya hivi.
- Kupata faili. Hii ni video kamili iliyo kwenye picha zako au kwenye folda ya vitu ulivyodanlodi. Inafunguka bila mtandao, na inahama popote.

Mama wa kaunta alitaka la tatu, akapewa la kwanza.

## Matanga na siku 30

Kwa video ya vichekesho, tofauti hii ni usumbufu mdogo. Kwa video ya mazishi, ni hasara.

Kusini mwa Nyanza, kutoka Homa Bay hadi Migori, si ajabu tena kumkuta mpiga video kwenye matanga akiwa na stendi yake ya miguu mitatu, mashine ya kusambaza mtandao, na fundi wa sauti pembeni. Ibada inarushwa moja kwa moja Facebook. Mtoto aliye Minnesota, binamu aliye kazini Qatar, shangazi aliyelazwa hospitalini Kisumu, wote wanaandika rambirambi chini ya video wakati jeneza liko uwanjani. Ikiisha, linki inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, na kila mtu anaridhika kwamba kumbukumbu ipo. "Tutaitazama vizuri mambo yakitulia."

Mambo hutulia baada ya miezi kadhaa. Na hapo ndipo shida ilipo: tangu tarehe 19 Februari 2025, Facebook huweka video iliyorushwa moja kwa moja kwa siku 30 tu, kisha huifuta. Zile za miaka ya nyuma nazo zilipangiwa kufutwa, na wenye kurasa walitumiwa taarifa wakapewa siku 90 za kuzichukua. Taarifa hiyo ilienda kwa aliyerusha. Familia iliyokuwa na linki peke yake haikuambiwa lolote.

Chukua mfano ambao kila mtu anaukumbuka. Waziri Mkuu wa zamani Raila Odinga alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025, akazikwa Bondo tarehe 19. Vituo vya televisheni vilirekodi vyao na vina hifadhi zao. Lakini siku zile kulikuwa pia na watu wa kawaida waliorusha Facebook moja kwa moja kwa simu zao, wakionyesha yale ambayo kamera kubwa hazikuyafikia: barabara, vilio vya kijiji, wazee waliokaa chini ya mti wakisimulia ya zamani. Aliyerusha tarehe 19 Oktoba na asiidanlodi, video yake ilifika ukomo tarehe 18 Novemba. Linki zake bado zimo kwenye makundi, zimekaa tu.

Kuizuia hasara hii si kazi ngumu, ila lazima aifanye mwenye ukurasa. Ndani ya siku zile 30 anafungua video yake, anagusa vile vidoti vitatu, anachagua kudanlodi. Wenye video nyingi wanaweza kuzichukua kwa mkupuo, au kuzihamishia moja kwa moja Google Drive au Dropbox bila kuzipitisha kwenye simu.

Ushauri wangu kwa kamati za mazishi ni wa kizamani kidogo. Mnapopatana bei na mpiga video, pataneni pia kuhusu faili. Ile ya kwenye kamera yake ni safi kuliko ile iliyopita Facebook, kwa sababu haikukatwakatwa na mtandao wa siku hiyo. Mpeni flashi kabla hajaondoka bomani, au kabla hajafuta kadi yake kwa ajili ya matanga ya Jumamosi inayofuata. Na faili moja isikae mahali pamoja. Mmoja wa ndugu aliye mjini awe na nakala.

## Kila mtandao na mlango wake

TikTok ndiyo rahisi. Unagusa alama ya kushiriki, unagusa ya kuhifadhi video, faili inaingia kwenye picha zako ikiwa na jina la mwenyewe juu yake. Kitufe kikikosekana, mwenye video amekizima. Video za watoto wasiofika miaka 16 hazidanlodiki kabisa. TikTok iliamua hivyo Januari 2021, na nadhani ilichelewa.

Instagram iliruhusu kudanlodi video fupi za akaunti za wazi mwaka 2023, mwenyewe akikubali.

YouTube ni mkaidi. Mahali ambapo kitufe cha kudanlodi kipo, kinakuwekea video ndani ya programu yenyewe, na programu hiyo inadai kuguswa na mtandao mara kwa mara ili iendelee kuifungua. Watu wa mitaa yetu walikuwa na kitu bora zaidi, YouTube Go, programu nyepesi iliyokuwa ikikuonyesha kwanza video itakula MB ngapi kabla hujaichukua. Google iliifunga Agosti 2022 ikisema ile ya kawaida imekuwa nyepesi vya kutosha. Huko mashinani wako wasiokubali.

WhatsApp ina siri inayochekesha. Status unayoitazama kwenye simu ya Android huwa imeshashuka. Imo kwenye simu yako wakati huohuo, ndani ya folda inayoitwa ".Statuses". Hiyo nukta ya mwanzo ndiyo inayoificha, kwani Android huficha folda yoyote inayoanza kwa nukta. Fungua programu ya kusimamia mafaili, ingia kwenye mipangilio yake, washa chaguo la kuonyesha mafaili yaliyofichwa, kisha fuata Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, .Statuses. Utakuta status zote ulizotazama leo zimejipanga. Nakili unayoitaka uiweke kwenye folda nyingine kabla saa 24 hazijaisha. Programu nyingi za "kuhifadhi status" zinazojaa matangazo hazifanyi zaidi ya hili. Wengine hukimbilia GBWhatsApp, ambayo si ya kampuni ya WhatsApp. WhatsApp hufungia akaunti zinazoitumia, na mazungumzo yako unakuwa umeyakabidhi kwa watu usiowajua.

Njia ninayoiona bora watu huiruka, labda kwa sababu haina ufundi wowote: muombe mwenye video. Aliyepiga video ya mnada wa ng'ombe Ogwedhi au ya harambee ya kanisa mara nyingi ni mtu unayeweza kumpigia. Mwambie akutumie WhatsApp kama hati, wala si kama video. Ikitumwa kama video, WhatsApp huibana ikapoteza ubora. Ikitumwa kama hati inapita ilivyo, hadi GB 2.

## Tovuti za "bandika linki hapa"

Mwenye video hapatikani, kitufe hakipo. Hapo ndipo watu huingia kwenye zile tovuti za kunakili linki, kuibandika kwenye kisanduku, na kubonyeza kudanlodi.

Zinavyofanya kazi si muujiza. Seva ya tovuti hiyo inafungua posti kwa niaba yako, inasoma maandishi yaliyojificha nyuma ya ukurasa, inaitafuta anwani halisi ya faili, kisha inakupa wewe. Kwa kuwa inafungua kama mgeni asiye na akaunti, inaona yale ambayo mgeni yeyote angeona. Video ya kundi la faragha haiwezi kuifikia. Tovuti inayokuambia uingize nenosiri lako la Facebook ili ikuletee video ya faragha inataka nenosiri.

Hapa pia kuna jibu la swali jingine la kaunta: mbona video imeshuka bila sauti? Kwenye mitandao mikubwa, picha na sauti huwekwa kama mafaili mawili, na programu ya kutazamia huyaunganisha unapotazama. Tovuti dhaifu hulichukua la picha na kuliacha la sauti. Simu yako haina kosa. Jaribu kiwango kingine cha ubora, kwa kawaida 360 au 720.

Tovuti hizi hulipwa na matangazo, na baadhi ya matangazo hayo yamevaa sura ya kitufe cha kudanlodi. Kitufe kikubwa cha kijani chenye kumetameta mara nyingi ndicho cha uongo, cha kweli ni kidogo na hutaja ubora na ukubwa wa faili. Ukurasa ukikuomba ruhusa ya kukutumia arifa, kataa. Na ulichokifuata ni faili inayoishia na ".mp4". Ikija inayoishia na ".apk", hiyo ni programu inayotaka kujisakinisha kwenye simu yako. Ifute.

Programu maarufu za kazi hii, Snaptube na VidMate, hazipatikani kwenye duka la Google Play, na watu huzipata kwa kurushiana. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya Upstream ya Uingereza iliripoti kwamba zote mbili zilikuwa zikibofya matangazo kimyakimya na kuwaunganisha watu na huduma za kulipia, huku zikila bando lao. Wenye programu walisema kosa lilitokana na vipande vya programu walivyochukua kwa wengine. Iwe kosa la nani, aliyelipa ni mwenye bando.

Wanaotumia kompyuta kwenye saiba wana chombo kingine, yt-dlp, cha bure na kisicho na matangazo. Mzazi wake, youtube-dl, aliwahi kuondolewa kwenye hifadhi ya GitHub Oktoba 2020 baada ya chama cha kampuni za muziki za Marekani kulalamika; mwezi uliofuata GitHub ikairudisha, ikatenga na dola milioni moja za kuwatetea watengenezaji wa programu wanaokumbwa na malalamiko ya namna hiyo.

Kwa ufupi: anza na kitufe cha mtandao wenyewe, kikikosekana, muombe mwenye video, tovuti za linki ziwe za mwisho, bila nenosiri, bila ".apk".

## Bando, na kadi inayodai imejaa

Video ya ubora wa 480 hula takriban MB 7 au 8 kwa dakika. Ya 720 hufika kama MB 19. Ibada ya mazishi ya saa 3 kwa ubora wa 720 ni karibu GB 3.4; kwa 480 inateremka hadi GB 1.4 hivi, na kwenye kioo cha simu macho hayaoni tofauti kubwa. Ukiitazama mtandaoni mara mbili unailipia mara mbili, ukiidanlodi unalipa mara moja. Kama una mahali pa Wi-Fi, hii ndiyo kazi ya kwenda nayo huko.

Kisha linakuja la kadi. Flashi ina nafasi ya GB 20, video ina GB 6, na bado inakataa, ikidai nafasi haitoshi. Watu wametupa flashi nzima kwa sababu hii. Kadi na flashi za GB 32 kushuka chini kwa kawaida hupangwa kwa mfumo uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4, hata nafasi iwe tele. Mwambie fundi aipange upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, kwani kupangwa upya hufuta kila kitu. Au aikate video vipande viwili.

## Ni yako kutazama, si yako kurusha

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa mtu binafsi, kwa hiyo kujiwekea somo la kulisha ng'ombe wa maziwa uone jioni si jambo litakaloleta polisi mlangoni. Masharti ya mitandao ni kitu kingine: YouTube inakataza kudanlodi nje ya kitufe chake, na anayeyavunja anagombana na YouTube. Lakini kuchukua kazi ya msanii, kumfuta jina, kuipandisha kwenye ukurasa wako au kuiuza kwa kujazia watu memori kadi, hapo umetoka kwenye matumizi ya binafsi.

Hatari kubwa haiko kwenye hakimiliki. Iko kwa aliyemo ndani ya video. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, kifungu cha 37, inamwadhibu anayesambaza picha au video ya faragha ya mwili wa mtu mwingine: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Haijalishi kwamba si wewe uliyeipiga. Kuipeleka kwenye kundi la pili kunatosha.

Watoto wana ulinzi wao pia. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na kilabu cha Casa Vera Lounge shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali. Shule ya kijijini inayodanlodi video ya siku ya michezo kutoka kwa mzazi mmoja na kuifanya tangazo la kuandikisha wanafunzi inacheza kwenye uwanja huohuo.

## Video ikiwa ushahidi

Kuna video ambayo mtu ana haki ya kuihangaikia: ya ajali, ya wizi wa mifugo, ya askari akimpiga raia. Aprili 2025, BBC Africa Eye ilitoa filamu kuhusu waliouawa kwa risasi nje ya Bunge jijini Nairobi katika maandamano ya tarehe 25 Juni 2024. Kazi hiyo ilichambua picha zaidi ya 5,000, sehemu kubwa zikitoka kwa watu waliokuwa pale na simu zao. Watu walizipiga, na zikawa bado zipo zilipohitajika.

Video ya aina hii haidanlodiwi kama kichekesho. Usiikate, usiongeze muziki wala maandishi. Andika mahali linki kamili, jina la akaunti, tarehe na saa uliyoikuta. Piga picha ya kioo ikionyesha posti yenyewe pamoja na maoni. Usiirekodi kutoka kwenye kioo kama faili halisi inapatikana, maana rekodi ya kioo hupoteza ubora na hubeba arifa zako za WhatsApp juu yake. Ukiihamisha, ihamishe kama hati.

Mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ilivyopatikana na kifaa kilichotumika, kikiwa na sahihi ya mtu anayehusika na kifaa hicho au kazi hiyo. Kwa hiyo video ya namna hii idanlodi mwenyewe, kwa simu yako. Ukimwachia kijana wa kaunta aishushe kwenye kompyuta yake akuwekee kwenye flashi kwa shilingi 50, siku kesi itakapotajwa Migori yeye ndiye atakayetafutwa aje kutia sahihi, na huenda alishahamia Nairobi.